Mrija wa Chuma, Mrija wa Plastiki

4 Septemba

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, kidogo tu, ikaacha joto kubwa kuliko lile la jana. Mkojo wangu una rangi ya chai iliyolala. Hili ni juma la pili.

Nimeanza kuandika kwa sababu ndani ya nyumba hii watu wanashusha sauti nikipita. Watu wenyewe ni mmoja tu, binti yangu Douce, lakini ana simu, na kwenye simu kuna kaka yake Jérémie aliyeko Lubumbashi, na kwa Jérémie kuna ukoo mzima wa Kasai. Nitaandika nani alisema nini, ili kesho nisiambiwe kwamba nilisikia vibaya. Nimefundisha darasa la tano hapa Kindu tangu usichana wangu hadi pensheni. Najua sura ya mtoto aliyekubaliana na wenzake la kusema.

6 Septemba

Najikuna usiku kucha. Viganja, nyayo, mgongo. Douce anasema ni sabuni. Tumebadili sabuni.

7 Septemba

Si sabuni.

10 Septemba

Baada ya misa jirani yangu alinishika kidevu kama mtoto, akanigeuzia juani.

"Mama Mwalimu, macho yako iko manjano. Ulikula kwa nani?"

Hapa kwetu mtu akigeuka manjano na kukonda, swali la kwanza ni hilo. Mimi siamini mambo ya sumu za kurogwa. Hata hivyo jioni nilijipikia mwenyewe sombe, majani ya muhogo, nikaibeba sufuria hadi chumbani na kula mlango umefungwa. Douce aliniona. Hakusema kitu. Kwa nini hakusema kitu?

13 Septemba

Leo nimeingia hospitali ambayo mwaka jana nilijiapiza sitaikanyaga tena.

Mashine ya kutazama tumbo iko kule tu. Douce alinipakia kwenye pikipiki tukatoka mtaani kwetu Mikelenge mvua ikitutandika, na tulipofika nilikuwa nimelowa hadi sidiria. Tulikaa kwenye benchi ya ukutani, kwenye korido ileile. Nikamwambia Douce tuhamie benchi nyingine. Akauliza kwa nini. Nikamwambia hapa panavuja.

Aliyeita jina langu ni Docta Ephraïm. Nilikuwa nimesikia kwamba amerudi kutoka Kisangani tangu mwaka jana, na tangu siku hiyo nikipata malaria nakwenda kwingine. Nywele zake zimekuwa nyeupe. Mikono ni ileile, mirefu, na ngozi ya vidole inayong'aa kwa sababu ya kunawa. Alisoma jina langu kwenye karatasi, Joséphine Bitota, na hakushtuka. Labda amenisahau. Labda amejifunza kutoshtuka.

Mimi sikumsahau. Ilikuwa mwaka ule mji ulipozungukwa, waasi ndani, wanamgambo wa Mai-Mai nje, na aliyetaka muhogo alipita katikati yao. Mume wangu Léon alikuwa fundi wa reli, lakini treni hazikutembea tena na mishahara ilikuwa hadithi. Alikwenda shambani kwetu kutafuta muhogo, akapigwa risasi ya tumbo. Wanaume walimbeba juu ya mlango hadi korido hii. Docta alikuwa huyu mmoja, kijana, na aproni yake ilikuwa ya mpira, ya wauza nyama. Siku hiyohiyo aliletwa askari wa waasi, naye kapigwa. Docta alitoka, akamtazama Léon, akamtazama askari, akasema, "Muingize huyu." Aliyeingizwa ni askari. Léon alikufa kwenye benchi kabla mlango haujafunguliwa tena. Douce alikuwa mgongoni mwangu, amelala.

Na leo mtu huyo amenipaka mafuta baridi tumboni na kunisogezea mashine yake mbavuni. Alitazama kioo muda mrefu. Kisha akazungumza, na alipozungumza alimtazama Douce, si mimi.

"Njia ya nyongo imebanwa. Nyongo inarudi kwenye damu. Njo maana ya manjano na kujikuna."

"Imebanwa na nini?" niliuliza.

"Na kivimbe. Kiko kwenye kichwa cha kongosho."

Alisema kivimbe. Ninaandika hapa: alisema kivimbe.

15 Septemba

Mvua. Siku nzima ndani.

19 Septemba

Douce alikwenda hospitali peke yake "kuchukua dawa". Alikawia. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi wa nyama choma pale kituo cha treni. Nilimwuliza treni imefika? Akasema hapana. Ni nani anayechoma nyama bila treni na bila wasafiri?

24 Septemba

Nimepungua hadi pete ya ndoa inazunguka yenyewe. Nimeifunga kwa uzi.

30 Septemba

Docta Ephraïm ametuma habari. Kuna daktari anakuja kwa ndege kutoka Kinshasa, mwanamke, Docta Christelle, pamoja na wasaidizi na vyombo. Watakaa siku chache, watafungua njia za nyongo za wale wanaoweza, kisha wataondoka na vyombo vyao hadi safari nyingine. Wagonjwa ni wachache. Mimi nimo. Nilimwuliza Douce nani aliyenichagua. "Docta Ephraïm," akasema, kwa sauti ya mtu anayeleta zawadi.

Sikulala.

2 Oktoba

Docta Christelle ni mdogo kuliko Douce, au anaonekana hivyo. Ananitazama mimi nikiongea. Kwa hilo nimempa heshima.

Alichora. Ini juu, tumbo la chakula pembeni, na kati yao kamrija kembamba kalikobonyea. Akasema njia za kufungua ni tatu. Ya kwanza ni kisu: wanapasua na kuunganisha njia mpya, lakini mwili wangu umechoka mno. Ya pili ni sindano ndefu kupitia mbavuni hadi ndani ya ini, na nyongo inatokea nje kwenye mfuko wa kuning'inia kiunoni. Hiyo wanaitumia pale ya kwanza inapokataa na ya tatu inapokataa. Ya tatu ni kupitia mdomoni: bomba lenye taa linashuka tumboni, linaitafuta ile njia kwa chini, linapachika mrija mdogo pale palipobanwa, mrija unabaki ndani, wewe unaamka na koo linalouma basi.

"Na mrija wenyewe ni wa nini?"

"Iko aina mbili, mama. Wa plastiki, mwembamba kama wa ndani ya kalamu ya biki. Na wa chuma, umefumwa kama wavu. Unaingia umejikunja, halafu unafunguka wenyewe ndani, mupana kuushinda ule mara tatu."

"Upi hauzibi?"

"Yote inaweza kuziba. Wa plastiki unaziba mapema zaidi."

"Basi mnipe wa chuma."

Docta Christelle alimtazama Docta Ephraïm. Aliyejibu ni Ephraïm.

"Kwako tutaweka wa plastiki, Mama Mwalimu. Unakutosha."

Unakutosha. Nimeliandika neno hilo kama lilivyotoka. Hivyo ndivyo mtu anavyomwambia mtoto wa kambo anapomgawia chakula.

4 Oktoba

Wamefanya jana. Koo linauma. Kwenye kitanda cha pili yuko mzee Djuma, mfanyabiashara wa mupunga kutoka Kibombo, manjano kuliko mimi, na mke wake Mwanahamisi, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Naye walimpitishia bomba jana. Tunalala tukitazamana kama mapapai mawili yaliyoiva.

5 Oktoba

Nimelala bila kujikuna. Nimelala usiku mzima. Nilipoamka nililia, nikamwambia Douce ni koo.

7 Oktoba

Nimesikia kwa masikio yangu, muuguzi akimweleza Mwanahamisi: mrija wa mzee Djuma ni wa chuma.

Njia moja. Siku moja. Daktari mmoja. Yeye ana boti mbili na stoo ya mupunga. Mimi ni mwalimu wa pensheni, mjane wa mtu aliyeachwa kwenye benchi. Sihitaji kuchorewa picha.

8 Oktoba

Nimetoka hospitali. Docta Ephraïm alinisindikiza hadi mlangoni na kuniambia nikipata homa ya kutetemeka nisingoje hata asubuhi. Nilimwitikia kwa kichwa. Sikumpa mkono.

16 Oktoba

Macho yanarudi kuwa meupe. Mkojo ni maji. Nimekula makayabu, samaki wa chumvi, na bugali, nikaongeza. Douce ananitazama ninavyokula kama mtu anayetazama gari la mtu mwingine likipita.

20 Oktoba

Paa linavuja juu ya meza. Ndoo.

4 Novemba

Treni kutoka Lubumbashi imeingia leo baada ya kukwama porini kwa siku nyingi, na ndani yake alikuwemo mwanangu Jérémie. Hakuniambia kwamba anakuja. Mtu hasafiri majuma mawili juu ya mabehewa kuja kusalimia. Amekonda, ana vumbi masikioni, amenikumbatia na hakutaka kuniachia.

"Kazi je?" nikamwuliza.

"Wamenipa ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kupumzika tu, Mama."

Mwanangu hajawahi kupumzika. Jioni walikaa na Douce chini ya baraza wakiongea. Nilipofungua dirisha Jérémie alianza kusifu mvua.

9 Novemba

Jérémie amezunguka parsele, kiwanja chetu, na kupima mpaka wa nyuma kwa hatua zake. Akauliza karatasi za kiwanja ziko wapi. "Kwa ajili ya usalama," akasema. Nimezihamisha kutoka chini ya godoro nikazitia ndani ya gunia la mahindi.

Basi ndiyo hivyo. Mama amepona, macho meupe, na watoto wanataka kiwanja. Nilijua kuna jambo.

12 Novemba

Mvua ya upepo. Mwembe wa jirani umeangukia choo chetu. Jérémie amejenga kingine peke yake, kwa siku moja, vizuri. Nashindwa kumchukia vya kutosha.

18 Novemba

Leo asubuhi Mwanahamisi alibisha hodi akiwa na mtoto wa mupunga mgongoni, maana yake gunia dogo alilolibeba kwa kitambaa kama mtoto. Wamekuja na mzee Djuma kupimwa. Mzee alibaki hospitali kwenye foleni, yeye akaulizia nyumba ya Mama Mwalimu hadi akafika.

Sikufurahi. Nilimpa kiti na chai. Tuliongea juu ya barabara ya Kibombo, matope, bei, wajukuu. Alikuwa na kitu. Alizungusha kikombe, kisha akakiweka chini.

"Dada, nikuulize, usikasirike. Ninyi munajuana na madaktari?"

"Kwa nini?"

"Mzee hapati usingizi. Anasema muliwapa kitu. Sababu wewe walikutilia ule unaotoka. Sisi wametutilia chuma, na docta alisema wazi: chuma kikishakaa hakitoki tena, utazikwa nacho. Mzee anauliza, kwa nini yule mama kapewa unaotoka, mimi nifungwe chuma tumboni kama mbuzi?"

Nilicheka. Kwa mara ya kwanza tangu Agosti nilicheka hadi mbavu zikauma, na Mwanahamisi naye akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Nikamwambia kwamba mimi nimekaa hapa mwezi mzima nikiamini wao ndio waliotoa kitu. Akajipiga paja.

"Sisi hatukutoa hata kuku. Wallahi."

"Sasa kwa nini wakupe ninyi wa chuma?"

"Docta mwanamke alieleza, mzee hakutaka kusikiliza. Alisema wa plastiki unafanya kazi miezi mitatu hivi halafu unaziba. Kwa hiyo wa chuma wanamwekea muntu wanayeona bado atakaa. Na wa plastiki wanamwekea yule..."

Alikichukua tena kikombe. Aliniangalia, nami nikamwangalia. Alikuwa ameshafika mwisho wa sentensi, na hakuwa na mahali pa kwenda nayo.

"Chai imepoa," nikamwambia. "Nikuongezee."

19 Novemba

Mvua.

21 Novemba

Nimewaita wote wawili ndani. Nikazitoa karatasi za kiwanja kwenye gunia, nikaziweka mezani.

"Mulikuja kwa hizi, au mulikuja kunizika?"

Douce alifunika uso. Jérémie ni mtu mzima, ana ndevu, lakini alijibu akitazama vidole vya miguu.

"Docta alimwambia Douce nisichelewe."

"Alisema lini?"

"Septemba, Mama," alisema Douce. "Ile siku ya moshi."

"Na ninyi mukaona mimi siwezi kubeba."

"Docta alitaka kukuambia mwenyewe. Mimi njo nilimwomba asikuambie. Nilipiga magoti kwake. Unilaumu mimi."

Kwa hiyo neno kivimbe kubaki kivimbe tangu siku ya moshi, na lile unakutosha, vilikuwa vya binti yangu, si vya docta. Nimelazimika kusoma tena kurasa zangu zote na kujua kwamba nilisikia kila neno sawasawa na sikuelewa hata moja.

Nilizirudisha karatasi. Nikawaambia kuanzia leo simu inapigwa mbele yangu.

27 Novemba

Nimekwenda kumwona peke yangu. Jérémie alinipeleka kwa pikipiki, nikamwacha nje.

Docta Ephraïm alikuwa anakula karanga kutoka kwenye karatasi. Alisimama. Nikamwambia akae.

"Ni kansere?"

"Ndiyo."

"Mulinipa muda gani?"

"Tulifikiri hautafika Noeli. Mwili wako ulikuwa umekwisha, na picha ya ekografi, ile ya mashine, haikuwa nzuri. Mrija wa plastiki ungekutosha kwa muda huo. Ya chuma ilikuwa mitatu tu."

"Mukampa Djuma."

"Kivimbe chake ni kidogo na kinakwenda polepole. Tuliwapa watatu ambao tuliona watautumia."

Niliona hasira yangu ikitafuta pa kukaa. Basi nikauliza lile jingine. Nililiuliza taratibu, kama ninasoma imla.

"Mwaka mji ulipozungukwa, kwenye korido hii, palikuwa na fundi wa reli aliyepigwa risasi ya tumbo. Na askari. Ulimwingiza askari."

Karanga alizikunja kwenye karatasi yake, akaikunja tena.

"Mume wako," akasema. "Nilikutambua siku ile ya kwanza. Nilikutambua kwa jina."

"Walikutolea bunduki?"

"Watu wengi wanaamini hivyo, na nimewaacha waamini. Hapana. Bunduki zilikuwa mlangoni, lakini hakuna aliyeniambia nianze na nani. Dawa ya usingizi ilibaki ya mtu mmoja. Mume wako alikuwa amelala shambani usiku mzima kabla ya kuokotwa, tumbo limeshakuwa gumu kama ubao. Yule mwingine alikuwa amepigwa saa hiyohiyo. Nilimpasua yule niliyeona ataamka."

"Akaamka?"

"Akaamka."

"Hukuniambia kitu."

"Nilipotoka ulikuwa umemwinamia. Nilirudi ndani."

Nje mvua ilianza kugonga mabati, ikabidi tunyamaze, maana mabati ya pale hayaruhusu mazungumzo. Nilimtazama. Miaka yote hii nilikuwa na mtu mwoga aliyeogopa bunduki, au mtu mbaya aliyependa waasi. Mmoja wapo, kutegemea siku. Huyu aliyekuwa mbele yangu alikuwa amepima tu. Alimpima Léon na mimi kwa mizani moja. Sijui kama hilo ni afadhali. Labda pia anadanganya; mtu aliyepata miaka ishirini na zaidi anaweza kutengeneza jibu zuri kuliko hili, na hili halikuwa zuri, ndiyo maana naliamini nusu.

Mvua ilipopungua nikauliza, "Na nikifika Noeli?"

"Ukifika, mrija utaziba. Utapata homa, utatetemeka, utarudi manjano. Utanitukana njiani kote. Nami nitafurahi kukuona."

6 Desemba

Nimepanda karanga nyuma ya choo kipya. Jérémie alitaka kunizuia. Nimemwambia anipishe.

14 Desemba

Hakuna kitu.

25 Desemba

Noeli. Nimeimba misa nzima nikiwa nimesimama, na mara mbili nilimwona Jérémie akinitazama badala ya altare. Kuku, mupunga wa Mwanahamisi, ndizi. Mzee Djuma alipiga simu kutoka Kibombo kunitakia sikukuu, ingawa si yake. Anakula, anagombana na wafanyakazi wake, chuma kimekaa. Aliuliza: "Wa kwako bado?" Nikamwambia bado.

2 Januari

Nimechoka. Labda ni sikukuu.

5 Januari

Macho. Douce ameona kabla yangu, na safari hii alisema papo hapo, kwa sauti kubwa, "Mama, macho iko manjano." Nimemshukuru.

7 Januari

Ninaandika nikiwa hospitali, mkono una sindano. Jana mchana nilitetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Meno yangu yalikuwa yanagongana nikashindwa kusema jina langu. Jérémie alinibeba mikononi hadi barabarani, matope hadi magotini, akasimamisha lori la mchanga.

Docta Ephraïm alikuja akinawa, mikono inachuruzika maji. Alinivuta kope la chini.

"Umeziba, Mama Mwalimu," akasema, na uso wake wote ulifunguka.

Nilikuwa nawaka moto, tumbo linaniuma, na mtu huyu anatabasamu. Nikakumbuka kwamba alitabiri nitamtukana. Sikuwa na nguvu. Nilimwonyesha ngumi tu.

10 Januari

Dawa za sindano zimeteremsha homa. Manjano imebaki. Docta Christelle yuko njiani lakini ndege hazitui, mawingu yamelala juu ya mto.

13 Januari

Kitanda cha pili kimepata mtu. Mwanamke wa Punia, hajafika miaka arobaini, ameletwa na kaka yake Blanchard kwa pikipiki, siku nne msituni, amefungwa kwa kamba kiunoni mwa kaka yake asianguke. Manjano yake imeshageuka kuwa kijani. Anajikuna mikono hadi damu. Nilimpa mafuta yangu ya mawese ajipake. Blanchard aliyanusa kwanza.

15 Januari

Ndege imetua.

Jioni Docta Ephraïm aliketi kwenye ukingo wa kitanda changu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alimtazama yule wa Punia, aliyekuwa amelala, kisha akasema chini kwa chini.

"Tutatoa ule wa plastiki na kuweka wa chuma. Umeshinda hesabu yetu, sina sababu ya kukuwekea mwingine wa muda mfupi."

"Imekuja mingapi?"

Alimtazama tena yule wa Punia.

"Wa kipimo hiki, mmoja."

"Na yeye?"

"Kwake kansere imeshapanda kwenye ini, pande zote. Wa plastiki utamwondolea kujikuna. Atalala. Atakula kidogo."

"Utamtosha," nikasema.

"Ndiyo."

Nilimwona tena kijana mwenye aproni ya mpira akisimama katikati ya watu wawili. Lakini safari hii sikuwa mke wa yule wa kwenye benchi. Nilikuwa yule mwingine, anayeingizwa ndani. Miaka yote nimemchukia askari yule kwa sababu aliamka. Sikuwahi kujiuliza kama alijua kwamba palikuwa na mtu wa pili nje ya mlango.

"Askari yule," nikamwambia, "ulimwambia?"

"Hapana."

"Mimi umeniambia."

"Wewe uliuliza."

Alingoja. Nadhani alidhani nitasema kitu kikubwa, nimwachie yule dada nafasi yangu, kama watakatifu wanavyofanya. Nilifikiri juu yake. Nilifikiri kweli. Nilifikiri pia karanga zangu, na Jérémie ambaye ninataka arudi kazini kwake bila kuangalia nyuma, na nikaona kwamba ninataka kuishi, sana, kuliko nilivyojua.

"Kesho saa ngapi?" nikauliza.

17 Januari

Imekwisha. Chuma kimefunguka ndani. Wa Punia naye wamemfungulia, na leo amelala bila kujikuna, mdomo wazi.

Mchana niliweza kutembea hadi kwenye kiti kilicho kati ya vitanda vyetu. Blanchard alikuwa amekaa kando ya kiti hicho, na nilijua anachotaka kusema kabla hajasema, maana alikuwa amekiviringisha mdomoni tangu asubuhi.

"Mama, wewe uko wa hapa mjini. Munganga, docta mwenyewe, anakaa kwenye kitanda chako. Wewe wamekutilia wa chuma, dada yangu wa plastiki. Sisi tumetoka mbali, hatujui muntu. Ungetuambia tu ni nani wa kumwona."

Alisema kwa adabu. Macho yake hayakuwa na adabu. Nayafahamu macho hayo.

Ningeweza kumwambia maana ya plastiki. Nilipiga kelele nyumba nzima kwa sababu hawakuniambia. Lakini dada yake alikuwa amelala kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, na nilifikiri kwamba akiamka na akiuliza mwenyewe, nitamwita docta aje kumjibu, na nitakaa hapo wakati anajibiwa. Kwa kaka yake nilisema kile ambacho ni kweli na ni changu.

"Wangu wa kwanza ulikuwa wa plastiki, kama wake. Oktoba. Waliona unanitosha. Nilikaa nao hadi ukaziba, nikarudi hapa natetemeka, na docta alifurahi."

"Alifurahi kwa nini?"

"Kwa sababu ulipoziba nilikuwa bado nipo."

Aliniangalia muda mrefu, akipima kila neno, akitafuta mahali nilipoficha jambo. Kisha alisimama, akachukua kiti chake, akakihamishia upande wa pili wa kitanda cha dada yake, mbali na mimi, na akakaa hapo akimlinda dhidi yangu.

Sikumlaumu. Nje mvua imeanza tena. Nimebaki nimekaa nilipo, ili dada yake akiamka anione.